Ruger 10/22 mpya na dola 200 mkononi: zianze kutumika wapi?

*"Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, nina kadi ya kijani. Mwezi uliopita nilinunua bunduki yangu ya kwanza, Ruger 10/22 mpya yenye kitako cha mbao. Nataka kulenga shabaha wikiendi na kuwinda kindi na sungura. Rafiki yangu ana shamba linalosumbuliwa na nguruwe pori, naye kanialika. Shida ni kwamba kwa yadi 50 risasi zangu zinatawanyika inchi nne mpaka tano, na mara kwa mara ganda linakwama badala ya kuruka nje. Nimefunga darubini ya bei nafuu. Nimetenga dola 200 niiboreshe mwenyewe nyumbani. Kwenye video mmoja anasema nibadilishe mtutu, mwingine anasema nisugue kifyatulio kwa msasa kiwe laini, mwingine anasema ninunue magazini ya risasi 25. Nianze na lipi? Halafu mpwa wangu anasoma chuo hapa kwa viza ya mwanafunzi, naweza kumpeleka tukalenge pamoja? Nyumbani nina watoto wawili wadogo."*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujashika msasa. Hofu yako naielewa hivi: umenunua bunduki, haipigi pale unapolenga, na kila unayemsikiliza anakuambia dawa ni kununua kipande kingine. Mimi naona kinyume. Kama bunduki yako ilitoka kiwandani nzima, basi tayari ina uwezo kuliko unaoupata sasa, na dola zako za mwanzo ziende kwenye risasi, karatasi za shabaha na kabati la kuifungia. Vipande vipya vinaweza kusubiri, na vingine hutavihitaji kabisa.

Ruger 10/22 ipo tangu mwaka 1964 na zimeuzwa mamilioni. Kwa sababu hiyo vipande vyake vya kubadilisha vimejaa madukani kuliko vya bunduki nyingine yoyote ya .22 (yaani ya risasi nyembamba, kipenyo cha inchi .22 hivi), na wanaoviuza wanahitaji uamini kwamba ya kiwandani haitoshi. Ukweli wangu ni huu: 10/22 ya kawaida, ikiegemezwa vizuri juu ya mifuko ya mchanga na kulishwa risasi inayoipenda, hupiga risasi tano kwa yadi 50 ndani ya inchi moja na nusu hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Inchi tano si tabia yake. Kuna kitu kimelegea, au risasi hazipatani nayo, au mkono na jicho havijapata pa kutulia. Yote matatu unaweza kuyachunguza bila kununua chochote kikubwa.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote: toa magazini, vuta nyuma bolti (kile chuma kinachotembea mbele na nyuma kufunga mtutu), angalia kwa macho chemba, yaani mahali risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe haina risasi. Rudia. Risasi zote zibaki chumba kingine. Ndivyo ninavyofanya mezani kwangu hata kwa bunduki niliyoikagua dakika chache zilizopita.

Sasa uelewe inavyofanya kazi, maana hapo ndipo jibu la ganda kukwama lilipo. Kwenye bunduki kubwa nyingi bolti hujifunga kwa meno mpaka risasi itoke mdomoni. Kwenye 10/22 hakuna meno ya kufunga. Baruti inapoungua, mgandamizo unasukuma kichwa cha risasi mbele na papo hapo unasukuma ganda nyuma, na ganda linaisukuma bolti. Kinachoichelewesha ni uzito wa bolti yenyewe na spiringi iliyo nyuma yake. Bolti ikirudi inaivuta ndoana inayotoa ganda, inaisimamisha nyundo tayari kwa risasi inayofuata, kisha spiringi inairudisha mbele ikiokota risasi nyingine. Kila kitu kinategemea nguvu ya risasi moja. Risasi ikiwa dhaifu, au mafuta yakiwa mazito, au chemba ikiwa na uchafu, bolti hairudi nyuma vya kutosha na ganda linabanwa mlangoni.

Bunduki mpya mara nyingi huja na mafuta ya kuizuia kutu, mazito kiasi, yaliyopakwa kiwandani kwa ajili ya kukaa ghalani. Wengi huitoa kwenye boksi na kwenda nayo moja kwa moja uwanjani. Wewe ifungue, uifute, uipake mafuta mepesi kidogo tu kwenye reli anamopita bolti, halafu ujaribu risasi za mwendo mkubwa. Mara nyingi ugonjwa wa kukwama unaishia hapo, na umetumia dola chache za mafuta na kitambaa.

Kuifungua si kazi ngumu. Ukishahakikisha haina risasi, iache nyundo ikiwa imesimama, legeza skrubu ya bendi ya mbele na uivute itoke, kisha fungua skrubu kubwa moja iliyo chini ya kitako mbele ya magazini. Hapa wengi hukwama na kuanza kuilazimisha: kitufe cha sefti (kizuizi cha kufyatua) lazima ukisukume kikae katikati, si kushoto wala kulia, ndipo chuma kinyanyuke kutoka kwenye mbao. Sehemu ya kifyatulio inashikiliwa na pini mbili tu. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na bunduki kina picha za kila hatua, na Ruger wanakitoa bure mtandaoni. Kisome mara mbili kabla ya kuanza.

Kusafisha mtutu kuna mtego wake. Nyuma ya 10/22 pamezibwa na chuma, kwa hiyo ukitumia fimbo unalazimika kuiingizia mdomoni. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kugusana na risasi. Fimbo ikiukwaruza upande mmoja, gesi inatoka kwa kupendelea upande huo na risasi inasukumwa pembeni. Tumia kamba ya kusafishia yenye brashi, unayoidumbukiza kutokea chemba na kuivuta itokee mbele. Utaona pia video za watu wanaotoboa tundu nyuma ya bunduki ili fimbo ipite. Inawezekana, ila kwako kamba inatosha na huhitaji kutoboa chuma cha bunduki mpya. Mtutu wa .22 hautaki kusuguliwa kila siku. Kinachohitaji kusafishwa mara kwa mara ni chemba, uso wa bolti na ile ndoana, kwa sababu nta na masizi hujikusanya hapo.

Tuje kwenye risasi, ambako ndiko ningeweka pesa nyingi. Risasi ya .22 LR, ndiyo inayotumiwa na bunduki yako, ina fataki, yaani kemikali ya kuwasha baruti, iliyosambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na kichwa chake ni cha madini laini ya risasi kilichopakwa nta au kupakwa shaba nyembamba. Kila kiwanda kina vipimo vyake, nta yake na mwendo wake, na kila mtutu unachagua. Bunduki mbili zilizofuatana kiwandani zinaweza kupenda risasi tofauti kabisa. Hakuna anayeweza kukuambia yako inapenda ipi. Ni karatasi tu itakayokuambia.

Nunua boksi moja moja la aina nne au tano. Zisiwe zote za aina moja ya mwendo. Kwa mfano Mini-Mag ya kiwanda cha CCI, ya greni 40 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), huenda futi 1,235 kwa sekunde, ilhali CCI Standard Velocity ya uzito uleule huenda futi 1,070, chini ya mwendo wa sauti. Ongeza aina moja ya bei rahisi, kwa kuwa huenda ndiyo ikawa bora kwako, na moja ya mashindano upate cha kulinganishia. Ukibadilisha aina, piga kwanza risasi 10 hadi 20 bila kuzihesabu, mpaka nta mpya ikae kwenye mtutu. Baada ya hapo piga makundi ya risasi tano, angalau manne kwa kila aina. Risasi tatu zikikaa karibu zinafurahisha lakini zinadanganya. Nimeona watu wengi wakibadilisha darubini kwa sababu ya kundi moja baya, au kuapa kwa risasi fulani kwa sababu ya kundi moja zuri.

Jihadhari na upepo. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaweza kuisogeza risasi ya .22 karibu inchi moja kwa yadi 50. Cha kushangaza, risasi ya mwendo mkubwa inasogezwa zaidi kuliko ile ya mwendo wa kawaida, kwa sababu ikivuka mwendo wa sauti hewa inaikaba vikali na kuipunguza kasi haraka. Kwa hiyo ile ya futi 1,070 mara nyingi hulenga vizuri zaidi, lakini inaipa bolti nguvu kidogo. Ndiyo maana nasema ujaribu zote mbili: moja inaweza kukupa kundi dogo, nyingine ikakupa bunduki isiyokwama. Kwa kuwinda ningeipendelea isiyokwama, mradi iwe na usahihi wa kutosha.

Darubini yako ya bei nafuu inanitia shaka, ila usiitupe bado. Ijaribu bure hivi. Weka bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, ielekee kwenye shabaha yadi 50, usiiguse. Chungulia kwenye darubini na usogeze kichwa kidogo kushoto, kulia, juu na chini. Kama msalaba unatembea juu ya shabaha wakati bunduki haijasogea, basi darubini hiyo imepangwa kwa masafa mengine. Darubini nyingi za bunduki kubwa hupangwa kwa yadi 100 au zaidi, na zile za .22 kwa yadi 50. Ukiwa na ya kwanza na jicho lako halikai mahali palepale kila mara, unajiongezea mtawanyiko bila kujua.

Kisha angalia imefungwaje. Kwenye boksi la 10/22 yako huja kipande cha kufungia darubini, pamoja na skrubu zake nne. Wengi hawakioni chini ya karatasi na kununua kingine. Mwili wa bunduki hii ni wa aluminiamu, kwa hiyo skrubu hizo ndogo ukizikaza kwa hasira utaharibu uzi wa tundu. Futa mafuta, weka tone la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee, kaza kwa mkono mfupi wa spana ya L, kidogo kidogo kwa zamu. Skrubu iliyolegea hapa peke yake inaweza kueleza inchi zako tano. Kaza vilevile ile skrubu kubwa ya chini ya kitako: ishike sawasawa, usiilazimishe. Ikilegea, chuma kinacheza ndani ya mbao kila unapofyatua.

Kuhusu bendi ile ya mbele inayokumbatia mtutu na mbao: ni ya urembo wa mtindo wa karabini (bunduki fupi nyepesi), ila inaubana mtutu, na mtutu ukipata joto unasukumana nayo. Piga makundi kadhaa nayo ikiwepo, kisha itoe upige tena kwa risasi zilezile. Baadhi ya bunduki hubadilika waziwazi, nyingine hazijali. Majaribio hayo hayana gharama yoyote na ukitaka unairudisha.

Eneo linalonivutia kuliko yote kwa mtu mwenye dola 200 ni kitako. Mbao ya 10/22 ilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyo chini, karibu na mtutu. Ukifunga darubini, jicho linapanda juu na shavu linabaki hewani. Unaanza kuinua kidevu, shingo inachoka, na kila risasi unachungulia kwa pembe mpya. Chukua godoro la sponji ngumu la mazoezi, kata vipande vyembamba, vipange juu ya kitako mpaka ukifumba macho, ukaweka shavu na kuyafumbua, uone duara zima la darubini bila kusogea. Funga kwa bendeji ya kujishikilia inayouzwa duka la dawa. Hakuna anayeisifu kwenye video, kwa kuwa hakuna cha kuuza, lakini kwa mwanafunzi wa shabaha sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachopunguza mtawanyiko kama hicho.

Mkanda nao una faida kuliko kubebea. Ukipitisha mkono wa kushoto ndani ya kitanzi na kuuvuta ukaze juu ya kiwiko, mifupa na mkanda vinabeba bunduki, misuli inapumzika. Karabini yako huenda haina vishikizo vya mkanda. Ukitaka kuvipachika kwenye mbao, toa chuma chote kwanza, weka alama katikati kabisa, toboa tundu jembamba kuliko skrubu, taratibu, na usitoboe kuingia kwenye mfereji wa mtutu.

Kama utapenda kuipaka mbao mafuta ya kitani yaliyochemshwa, fanya, inapendeza na inaikinga na unyevu wa Houston. Paka nyembamba, subiri ikauke, rudia. Ila vile vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku watu wamelala. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vizamishe ndani ya maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

Sasa kifyatulio. Uliyemsikia ana kweli moja: cha kiwandani ni kizito na kinakwaruza. Lakini msasa usiuguse. Ndani yake kuna nyundo yenye ngazi ndogo, na kipande kingine kinachoishikilia kwenye ngazi hiyo mpaka uvute. Pembe ya nyuso hizo mbili ndiyo inayoamua kama nyundo itakaa au itateleza. Chuma hicho kimekomazwa juujuu tu. Ukisugua ukapita tabaka hilo, au ukageuza pembe kidogo, siku moja bolti itafunga na nyundo itaifuata bila wewe kuvuta. Bunduki itafyatua ikielekea popote ilipo. Mbaya zaidi, ikifyatua zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja, mbele ya sheria ya Marekani ya mwaka 1934 hiyo ni bunduki ya rashasha, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 10. Kwa mwenye kadi ya kijani hilo linaweza pia kugusa haki yake ya kuendelea kuishi hapa.

Ukiona bado kinakusumbua baada ya kupata risasi yako na kurekebisha kitako, Ruger wenyewe wanauza sehemu nzima ya kifyatulio iitwayo BX-Trigger, yenye mvuto wa karibu pauni 2.75, kwa kawaida chini ya dola 100. Unatoa pini mbili, unaondoa ya zamani nzima, unaweka mpya nzima. Huchongi chochote, na siku ukitaka kuirudisha ya kwanza ipo kamili. Ikishakaa, hakikisha kwa bunduki tupu kwamba sefti inazuia. Kisha ifunge bolti kwa nguvu mara kadhaa uone nyundo haianguki. Ila ningekushauri uzoee cha kiwandani kwanza. Fanya mazoezi ya kuvuta bila risasi chumbani, ukielekeza kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake. Kitabu cha 10/22 kinaruhusu kufyatua ikiwa tupu, jambo ambalo kwa bunduki nyingi nyingine za .22 linaharibu ukingo wa chemba. Wiki chache za hivyo zitakuonyesha kama tatizo ni chuma au ni kidole.

Mtutu mpya ndio upotevu mkubwa kwa sasa. Wa kiwandani una urefu wa inchi 18.5 na unabanwa na skrubu mbili, kwa hiyo kuubadilisha ni rahisi, na hapo ndipo kishawishi. Mtutu mnene utakutaka ununue na kitako kipya, bajeti yako imekwisha na bado hujui risasi ipi inafaa. Na usije ukaukata. Mtutu wa bunduki kama hii ukiwa chini ya inchi 16, au bunduki nzima chini ya inchi 26, unaingia kwenye sheria ileile ya 1934.

Magazini ya risasi 25 haitaongeza usahihi. Ile ya risasi 10 iliyokuja nayo ni kazi nzuri sana: ndani ina gurudumu lenye nafasi ya kila risasi peke yake. Risasi za .22 zina ukingo uliotokeza, na zikipangwa juu ya nyingine kingo hukamatana na kuziba. Gurudumu linaondoa ugonjwa huo. Texas haina kikomo cha idadi, lakini California, New York na New Jersey zinaishia risasi 10 na Colorado 15, kwa hiyo ukihama au kusafiri kwa gari, jua jimbo unaloingia. Mimi ningenunua ya risasi 10 nyingine moja, nikaishia hapo. Kile kipini cha chuma kinachogongwa na bolti kwa nyuma, ambacho watu hubadilisha kwa cha plastiki laini, kinapunguza kelele tu. Ni dola chache, kama kelele inakukera weka.

Kuhusu kuwinda. Kindi na sungura, sawa kabisa, ukishaweza kuweka risasi zote ndani ya inchi moja na nusu kwa masafa utakayopigia. Nguruwe pori, hapana. Ngozi na mifupa yake ni minene, risasi ya .22 itamjeruhi na kumwacha akateseke kichakani, au akakurudia. Mwambie rafiki yako mtafute bunduki yenye nguvu ya kumtosha mnyama huyo. Swala wa Texas nao hawaruhusiwi kupigwa kwa risasi yoyote yenye fataki ukingoni. Na kama ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo, Texas inakutaka upite kozi ya mafunzo ya wawindaji.

Mpwa wako. Hapa nakuomba uwe makini kuliko kwenye skrubu zote. Wewe mwenye kadi ya kijani, sheria ya serikali kuu inakuruhusu kumiliki. Aliyeingia kwa viza ya muda, na ya mwanafunzi ni mojawapo, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, hata kwa dakika tano uwanjani, hata kama ni yako na wewe umesimama pembeni. Kuna misamaha, na unaojulikana zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Lakini kosa likitokea linaweza kumgharimu masomo na viza, na wewe uliyempa unaingia nalo. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla, mlipe saa moja, apate jibu kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe. Mpaka hapo, aje akuandikie vipimo vya makundi kwenye daftari, asishike.

Na watoto wawili wadogo ndio wanaoamua dola zako. Kama huna kabati la chuma lenye kufuli, nusu ya hizo 200 ziende huko leo, kabla ya boksi la kwanza la risasi. Texas inamshtaki mtu mzima aliyeacha bunduki inayoweza kufyatuliwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 akaipata. Hata sheria isingekuwepo, mtoto wa miaka minne anaweza kuwa na nguvu za kutosha kuvuta kifyatulio, na tumetoka kuzungumzia kukifanya chepesi zaidi. Risasi zifungiwe mahali pengine na ufunguo mwingine. Kuna pia sumu ya madini ya risasi, kwenye vichwa na kwenye moshi wa fataki. Ukitoka uwanjani nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kuwabeba, na shati ulilovaa liende kwenye mashine ya kufulia.

Ukitaka mwalimu badala ya kipande, Project Appleseed huandaa mafunzo ya wikiendi sehemu nyingi za Marekani, hupiga kwa mita 25, na 10/22 ndiyo imejaa kwenye mistari yao ya kulengea. Watakufundisha mkanda, pumzi na kidole kwa siku mbili, na ada yake haifikii bei ya mtutu.

Mpelekee fundi mwenye leseni, ana kwa ana, bila kusubiri, ukiona ganda limepasuka au kuvimba, ikifyatua wakati bolti inafunga au unapoachia sefti, au ikifyatua mbili. Ukisikia mlio mdogo wa ajabu, kama 'puf', simama hapohapo: huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Ukivuta isilie kabisa, iache ielekee kwenye shabaha, hesabu mpaka 30, ndipo ufungue. Vilevile kama umesafisha, umekaza, umejaribu aina tano za risasi ukiwa umeegemea vizuri na bado unapata inchi nne, irudishe kwa Ruger au kwa fundi ukiwa na karatasi zako zote, kila moja imeandikwa aina ya risasi na masafa. Karatasi hizo zitamwonyesha kwa dakika chache kile ambacho angehitaji siku nzima kukitafuta.